Kabini Upande wa Nchi Kavu

Jumanne, 11 Mei 1954

Salamu, daftari. Hujambo? Nyumbani kwako humu kurasani kwema? Mimi mzima, kiu tu. Leo mfungo wa nane. Tangu asubuhi niko kwenye cherehani, kanzu za Idi za watoto wa mtaa. Shingo inauma.

Adhuhuri karatasi imefika kutoka Usumbura. Kaileta Bwana Sefu, mwenye duka la vitambaa, maana ndugu yake wa huko ndiye anayetushughulikia safari. Ndani mna picha ya meli, imechorwa kwa mistari kama nguo kabla haijakatwa.

Safari ya Hija, mimi na Mama. Baada ya Idi. Lori hadi Usumbura, meli ya ziwa Tanganyika hadi Kigoma, gari moshi hadi Dar es Salaam, kisha meli kubwa hadi Jidda. Kwenye meli kubwa hakuna kuchagua, sote sitahani. Lakini meli ya ziwa ina kabini nne za daraja la pili: mbili mbele, mbili katikati, kila upande moja. Niseme nataka ipi.

Kabini ni sharti la Mama. Mlango wa kufunga na dirisha, la sivyo haendi. Sikushangaa. Miaka arobaini na moja yuko Gisenyi, ziwa Kivu liko chini ya nyumba, hajatia mguu hata kwenye mtumbwi. Tangu ile meli ya Wadachi, enzi za Wajerumani, iliyotuleta kutoka Ujiji, anaogopa maji.

Kifua chake kinakohoa kila asubuhi. Asipokwenda mwaka huu hatakwenda tena. Nimeliandika sasa. Sikutaka kuliandika.

Alhamisi, 13 Mei

Nimeipeleka picha msikitini alasiri. Kosa. Kila mtu ana meli yake kichwani.

Jirani yangu Selemani, dereva wa lori, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Akaweka kidole kwenye pua ya meli. "We fundi, kiti ya heshima iko mbele, karibu na shoferi. Nyuma ni ya mbuzi na mashemeji." Nikamwambia meli si lori. Akasema, "Bon, yenyewe haina shoferi? Inajiendesha?" Watu wakacheka na funga zao. Wote wakakubali: mbele.

Hawa watu wote wanajua lori tu. Barabara ya Ruhengeri ukikaa nyuma unafika umevunjika. Kwa hiyo mbele ndiyo pepo yao.

Mimi peke yangu nimepanda meli, nikiwa na miaka sita. Nakumbuka mbele kulipanda na kushuka kama nyumbu anayekataa mzigo. Nakumbuka moshi wa kuni, harufu ya dagaa, kaniki ya Mama imelowa. Baba alikuwa ametangulia huku Gisenyi na chumvi na nguo zake, nasi tunamfuata. Na nakumbuka mpishi wa meli, mtu wa Manyema, alikuwa akikaa katikati na birika lake. Birika lile halikumwagika hata mara moja. Alinipa chai tamu sana. Sijanywa tena chai kama ile.

Basi katikati. Kwa ajili ya birika.

Jumapili, 16 Mei

Nimemweleza Mama. Nimejiona mjuzi. Mbele panarusha, Mama, katikati pametulia. Akanisikiliza huku anapeta mchele. Akauliza neno moja tu: upande gani?

Nikasema upande haujalishi, maji ni yale yale.

Akaweka ungo chini. "Upande wa mkono wa kulia. Ule uliotazama nchi. Ukikosa huo, mpe mtu mwingine nafasi yangu."

Nikamuuliza kwa nini. Akarudi kwenye mchele.

Mke wangu, Mama Hadija, anasema nisimchimbe. Anasema wazee wakishasema upande, ni upande. Lakini nimeudhika. Miaka yote hii nimeweka akiba, na yeye aiache Makka kwa sababu ya dirisha.

Halafu nikakumbuka. Ni kweli, kwenye ile meli tulisimama kulia. Vilima vilikuwa upande huo, karibu kabisa, mtu angeweza kuhesabu migomba. Mama alisimama pale kutwa nzima. Nilimvuta nguo nimwonyeshe birika, hakugeuka. Nilidhani anatapika.

Jumatatu, 17 Mei

Barua imekwenda. Nimeandika wazi: kabini ya katikati, upande wa kulia. Nimepiga mstari chini ya neno kulia. Mara mbili.

Jumamosi, 29 Mei

Jibu limekuja. Namba tatu, katikati, kulia. Ni yetu. Alhamdulillahi.

Mama aliposikia aliushika mkono wangu akaubusu, kama mimi ndiye mzazi. Niliona haya. Jioni nikamwona ameshuka mpaka ufukweni, amekaa juu ya jiwe karibu na wauza samaki, miguu ndani ya maji. Mama yangu. Miguu ndani ya maji.

Alhamisi, 3 Juni. Idi

Tumeswali. Nguo zote nilizoshona zimepita mbele yangu barabarani, na kanzu ya mtoto wa Selemani tayari ina mchuzi.

Baada ya kula Mama akaniita chumbani. Akasema.

Tatu hakubaki Ujiji.

Tatu ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama. Alizaliwa Baba ameshaondoka. Niliambiwa kaachwa kwa bibi, na nilipokua nikaambiwa amefariki huko. Nikaomba dua, nikasahau. Kumbe alikuwa melini pamoja nasi. Kile kifurushi cha kaniki mgongoni mwa Mama, kile ninachokikumbuka kimelowa, ndicho kilikuwa Tatu. Homa. Siku ya pili akafa.

Meli ilitia nanga kuchukua kuni, mahali pasipo na mji, kilima kimoja na michikichi michache. Wakamchimbia pale. Abiria mmoja wa Tabora akaswalisha. Meli ikapiga honi, Mama hajamaliza kusawazisha udongo kwa viganja. Akarudi, akasimama kulia, akakitazama kilima mpaka kikaisha.

Mimi nilikuwa kwa mpishi. Nakunywa chai.

Haogopi maji. Hakuwahi kuogopa maji. Alikuwa ameyakasirikia. Na kabini anaitaka kwa sababu ya mlango: apite pale, atazame, alie, na mtu asimwone.

Nyuma ya msahafu wa Baba kuna majina yetu sote kwa mkono wake. La Tatu halimo. Baba hakupata kumwona. Mama anasema hakumlaumu, mtu huandika anayemjua.

Nimelia leo, siku ya Idi.

Jumatano, 9 Juni

Nimeiacha cherehani, nashika kalamu.

Nilikuwa nashona gauni jeupe la Mama la safari. Mkono wa kulia nimeshaupachika, nikaligeuza nje ndani nipige pindo. Nikautafuta mkono wa kulia. Uko kushoto. Kila fundi anajua hilo, mwanafunzi wa cherehani hupigwa kofi kwa hilo.

Na mimi mkasi ukabaki hewani.

Wakati ule tulikuwa tunakuja. Tunapanda kutoka Ujiji kwenda Usumbura, na kilima kiko kulia. Sasa tunarudi. Meli imegeuka. Kilima kiko kushoto.

Nimemkatia Mama dirisha la kutazama maji matupu. Na mstari mara mbili chini yake.

Fundi mwenye miaka arobaini na saba. Mjinga.

Alhamisi, 10 Juni

Selemani anateremka Usumbura na shehena ya maharage. Nimempa barua mkononi: tafadhali, kushoto, mbele au katikati, hata kama ni juu ya mashine. Nikamweleza yote, na Tatu pia. Nilitaka asicheze na barua. Hakutania. Akaivua kofia, akaiweka barua ndani, akaivaa.

Mama sijamwambia. Anafunga na kufungua sanduku lake. Ameweka ndani kipande cha kaniki, kimechakaa mpaka kinapitisha mwanga.

Jumatatu, 14 Juni

Hakuna habari. Nimeshona vibaya kutwa. Nimeswali vibaya pia.

Jumamosi, 19 Juni

Selemani amerudi. Nilijua tangu aliposhuka, alifunga mlango wa lori polepole.

Kushoto kumejaa. Mbele kuna karani wa mji wa Astrida na familia yake, katikati kuna wafanyabiashara wawili. Selemani alisimama dirishani muda mrefu. Yule mwandishi wa tiketi akamwambia: "Mutu aliomba kulia, tumemupa kulia. Donc? Basi unataka nini?" Selemani anasema alitaka kumpiga, akakumbuka ni mimi niliyekosea.

Jumatatu tunaondoka. Mama bado hajui. Nakwenda Makka na uongo mfukoni. Mama Hadija anasema nimwambie leo. Siwezi. Naogopa atavua ushungi na kusema, basi, mimi sitoki.

Ijumaa, 25 Juni. Kigoma

Tumefika salama. Mama amelala kwa jamaa wa Bwana Sefu, hata kikohozi kimempa nafasi. Nami nimepata kivuli na kalamu. Niandike mambo ya jana.

Nilimwambia pale bandarini Usumbura, mizigo imeshapakiwa. Nilisema haraka, macho chini. Akaufunga ushungi wake. Halafu akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa na miaka sita. Mimi niliyesema kulia nilikuwa na ishirini na tano. Sote wawili hatukugeuza." Akapanda ngazi mbele yangu. Hakushika hata kamba.

Namba tatu ni chumba kizuri. Kitanda safi, mlango wa kitasa, dirisha. Dirishani maji, na mbali sana milima ya Kongo. Mama akaweka sanduku kitandani, akatoka, akanifungia humo kwa kusahau.

Baharia alinifungulia, nikamkuta upande wa kushoto, amekaa chini njiani watu wanapopita, magoti kifuani. Mabaharia wanamruka. Watoto wa karani wanamtazama. Hakuna mlango. Nikaona uso wake unajizuia, na nikajua ataendelea kuuzuia hadi Kigoma.

Nikarudi chumbani nikafungua mzigo wangu. Shuka zangu mbili za ihramu, nyeupe, mpya. Nimezikunja kwa miezi, sikuzigusa na sindano kwa kuwa haziruhusiwi kushonwa. Sikuzishona. Nilizifunga kwa mafundo, moja kwenye nguzo na chuma cha pembeni, nyingine juu kwa sababu ya jua. Mafundo ya fundi, hayafunguki. Ikawa kabini. Ndogo, mtu mmoja anaenea. Kuta tatu za nguo, na wa nne ni nchi kavu.

Mke wa karani akaleta mto. Hakuuliza kitu.

Nilikaa nje mgongo mlangoni. Ikapita saa, ikapita nyingine. Vilima vilipita karibu, na migomba. Kisha michikichi. Si michache. Imejaa, kilima baada ya kilima, imepandwa mistari na mistari, yote sawa. Nikasikia sauti yake kwenye shuka. "Yusufu. Ni pale?"

Ningeweza kusema ndiyo. Daftari, ningeweza.

Nikasema, sijui, Mama. Nilikuwa kwa mpishi.

Nilidhani nimemwua. Kisha akasema, "Basi tumwombee kote." Akaanza Fatiha. Nikaitikia kutoka nje. Tukasoma ufukwe mzima, rasi hadi rasi, kila kilima Fatiha yake, mpaka sauti zikakauka. Katikati yake alilia. Nilisikia, sikugeuka. Waliopita walizunguka.

Magharibi akafunua shuka mwenyewe. Kile kipande cha kaniki hakuwa nacho tena. Sikuuliza. Akasema, "Nina njaa." Nikamletea chai na mkate. Akanipa kikombe ninywe kwanza. Chai ilikuwa tamu.

Mizigo ndiyo iliyolala kabini namba tatu.

Asubuhi hii nimeandika barua ya nyumbani, nainakili hapa nisisahau nilichoomba:

Mama Hadija, salamu nyingi. Sisi wazima, Mama hakutapika hata mara moja. Chukua msahafu wa Baba, tawadha, mpe Hadija aandike nyuma yake, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Chini ya jina langu aandike: Tatu binti Rashidi. Mahali pa kaburi aache wazi. Gari moshi linaondoka Jumatatu na Dar es Salaam tutangoja meli kidogo. Nijibu upesi, nijue limeandikwa.