Kiwanja Kidogo, Macho Makubwa

Kemunto mjukuu wangu,

Huku Manga tu wazima. Nyanya yako anachuma chai na kuyacheka magoti yangu. Unauliza kama uihame timu kwa kuwa kiwanja chenu ni kidogo kama sebule.

Sisi tulicheza mtelemkoni, katikati ya michai. Aliyepoteza mpira aliufuata hadi mtoni, basi tukajifunza kuubembeleza mguuni. Siku tulipoalikwa Nyaramba, kwenye uwanja mpana, nikawapiga chenga watatu, kisha wanne.

“We Ombati, toa pasi!” kocha akafoka. “Wenzako ni miti?”

Sikuwa nimewaona. Tulifungwa.

Usihame. Hapo miguu inasoma. Jumapili ombeni uwanja wa shule, mzoeze macho. Mimi yangu yalifunguka nikiwa na kitambi. Wewe bado mwepesi.

Babu yako,
Ombati