Ufunguo wa Nyumba ya Muhazi

Jumapili, Oktoba

Nisamehe, daftari langu. Tangu Pasaka sijakuandikia neno. Leo nina wivu, na sitauficha.

Mvua za vuli zimeanza, tukaenda kuifunga nyumba yetu ya mapumziko kando ya ziwa Muhazi. Kila mwaka kazi hiyo ilikuwa yangu: kuzima umeme, kufunga maji, kukagua madirisha. Leo Mama alimkabidhi mdogo wangu, Faustin, ufunguo.

"Pumzika, mwanangu," aliniambia. "Magoti yako yamezeeka kuliko yangu."

Faustin akacheka. "Kaka, mimi nitazima taa kwa simu, niko mjini Kimironko nakula brosheti za mbuzi!"

Mama alimtazama kama anavyomtazama padri.

Kabla ya kuondoka nilipita jikoni. Faustin alikuwa amezima friji ili kuokoa umeme, lakini mlango ameufunga kabisa. Friji iliyozimwa huachwa wazi, mlango ukiwekewa kijiti; la sivyo huota ukungu na kunuka. Niliona, nikanyamaza. Nilitaka Mama aifungue Desemba, anuse, anikumbuke.

Sasa naona aibu, ila bado sijampigia Faustin simu. Nikishaamua, nitaandika hapa nilichoamua, hata kikinifedhehesha.