Majina ya Kwetu Kwenye Mashine Mpya

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kimilili tuko salama, mimi na ng'ombe. Chumba chako bado nakifagia.

Unauliza uanze na programu gani kwenye hiyo laptopu yako ya bei nafuu. Mimi nilipoajiriwa kupiga taipu Kitale, sikujua mtu. Nilipewa taipuraita na karatasi ya mazoezi, nikajaza majina ya watu wa kwetu. Karani mkubwa akayasoma. Nilidhani atanigombeza. Akauliza, "Kwani kwenu mko wachache hivyo?" Akaniwekea karatasi nyingine.

Basi anza na programu ya kuandikia, ujaze majina ya kwetu. Hizo zingine walimu watakuambia.

Ila siku hizi majina ya nyumbani hayajazi hata mstari. Langu liandike mara mbili.

Nyanya yako