Siku Otieno Alipomgombea Kocha

Jumamosi, Novemba 2014

Leo timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani imeshindwa, nami namshukuru Mungu.

Tangu apate kiharusi, mume wangu Otieno hutamka neno moja moja. Watu wanaokuja kumwona hapa nyumbani kwetu Maplewood, Marekani, humsemesha kama mtoto.

Leo Kamau, rafiki yake wa kanisani, alikuja watazame mechi kwenye televisheni. Mwishoni timu yetu ilikuwa nyuma kwa pointi tatu, na kocha alikataa wapige teke kupitisha mpira kati ya nguzo, wapate pointi tatu za kusawazisha. Aliamua wakimbie na mpira wapate pointi za kushinda, wakazuiwa, mechi ikaisha.

"Kocha yuko sawa," Kamau akasema. "Kusawazisha ni woga."

Otieno akagonga mkono wa kochi. "Wewe mjinga! Angepiga teke!" Sentensi nzima, ya kwanza tangu augue.

Nilisimama mlangoni na sahani mikononi. Kamau hakumhurumia hata kidogo. "Mjinga ni wewe, unaogopa!" Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Nilirudi jikoni nikalia kwa furaha.

Hofu bado ninayo. Sijui kama atarudi kazini, na jina langu bado linamshinda. Lakini Kamau alipoondoka, Otieno aliniangalia, akalitafuta jina langu, akalikosa.

"Wewe," akasema, "keti hapa."

Nikaketi.