Kamba ya Kupimia Kuni

Mama Rehema wangu,

Kuna jambo nimekuficha tangu miaka ile ya wakimbizi, na uliondoka duniani hulijui. Ni juu ya ile kamba iliyokuwa ikining'inia langoni mwa kiwanda cha kaka yako. Ulipokuwa hai nilisema nitakuambia kesho. Sasa siwezi hata kufunga vifungo vya shati langu, Rehema ndiye anayenifungia, na kesho zenyewe zimeniishia.

Unakikumbuka kiwanda kile cha Bangwe, mapipa yake ya mawese yakichemka tangu alfajiri, na nguo zetu zote zikinuka sabuni ya mche. Mimi nilikuwa afisa viwanda, mtu wa kuja kutoka Kondoa, na shemeji Hamisi alinipokea kama ndugu kabla hata hujakubali posa yangu. Alinitania kwamba serikali imemletea mkaguzi, yeye akamgeuza shemeji.

Kisha wakimbizi wakajaa, na kambini ikahitajika sabuni nyingi. Wanunuzi wakaleta fomu. Walitaka kila kiwanda kidogo kipimwe uendelevu wake: maji machafu yanakwenda wapi, wafanyakazi wana glovu au hawana, na juu ya yote, kila katoni ya sabuni inakula mizigo mingapi ya kuni. Neno uendelevu lilikuwa jipya. Shemeji alilitamka kwa tahadhari kama jina la ugonjwa, akaniuliza, "Unatibika?" Tukacheka. Lakini fomu ilikuwa wazi: kama kuni hazijapungua ifikapo ukaguzi wa pili, sabuni itanunuliwa kwingine. Watu wote waliokuwa wakila pale, na wengi ni wa ukoo wenu, wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Waliotunga fomu ile walidhani mzigo ni kipimo, kama kilo. Hawakusimama langoni hata siku moja. Wewe unajua ilivyokuwa. Mwanamke alitua kuni zake, bawabu akazizungushia kamba. Zikiijaza kamba hadi kwenye fundo, umepokelewa. Kamba ikipwaya, rudi ukaongeze. Wenyeji walikuwa wakibishana na bawabu, wakimwambia akaitumie kamba yake kupimia kiuno cha mkewe. Wale waliovuka kutoka Burundi, waliokuwa wakiishi kimyakimya huko Simbo, hawakubishana. Walirudi mlimani.

Ukaguzi wa pili ulipokaribia, kamba ikawa ndefu kwa shibiri mbili. Bei ya mzigo ikabaki ile ile. Mizigo kwa kila katoni ikapungua, kama fomu ilivyotaka, na moto chini ya mapipa haukupungua hata kidogo. Miti ya mitelemko ya karibu ikaisha, wanawake wakawa wanapanda mbali zaidi kuelekea Kalinzi.

Mama Yusta, mmoja wa wale wa Simbo, ndiye aliyekufungua macho. Alikuja zahanati ulikokuwa muuguzi, mimba yake ina miezi saba, shingo haigeuki. Ulimkataza kubeba kuni. Jioni ile ulinisimulia alivyokujibu, nawe ulikuwa umesimama mlangoni, hujavua hata gauni la kazi: "Inkwi, kuni zenyewe, ni zile zile, mama. Kamba yao ndiyo inakua." Nilikuambia labda amechoka tu, anaona vibaya. Ulinitazama, ukaenda kuwasha jiko.

Wiki iliyofuata waliletwa pamoja, yeye na mzigo wake. Aliteleza kwenye mteremko, kuni zikamwangukia. Alikufa mikononi mwako, na mtoto tumboni. Ukauweka ule mzigo juu ya mzani wa zahanati, ukaniambia ulikaribia uzito wa marehemu mwenyewe.

Ukaenda kiwandani ukiwa na sare yako yenye damu. Mimi nilikuwa ofisini kwa shemeji, nimekaa na fomu magotini. Hukupaza sauti. Ulisema, "Kaka, nani kairefusha kamba?"

Wapika sabuni waliacha kukoroga. Shemeji alinitazama mimi kidogo, kisha akakutazama wewe. "Lango ni langu," akasema. "Na kamba ni yangu."

"Basi mimi sina kaka."

Hukula yamini, hukulia. Ulitoka, na neno lako likasimama miaka kumi na moja. Kila sikukuu ya Idi alituma nyama, ukairudisha. Alipolala kwa kiharusi, ukamtuma Rehema akamsalimie, wewe ukabaki. Siku ya maziko yake kina mama wa Ujiji walikuja kukuchukua, wakakukuta unapiga pasi. Uliwaambia poleni na msiba, kama vile msiba ni wao. Mimi nilibeba jeneza, nikarudi nikala chakula ulichoniwekea.

Na ile fomu? Niliijaza siku tatu baada ya Mama Yusta kuzikwa. "Matumizi ya kuni: yamepungua." Kiwanda kikapata alama za juu, nami nikapata cheti, nikazungushwa mikoa mitatu kuwafundisha maafisa wenzangu jinsi ya kupima uendelevu. Ulikifuta vumbi cheti kile kila Jumamosi. Nilikuona, na sikukuambia uache.

Watu hunisifu hapa kwamba nimezeeka na heshima. Heshima yenyewe nimeipata kwa kunyamaza, na aliyeilipia si mimi. Ulikufa ukiniamini mimi na kumchukia yeye. Nimemwagiza Rehema awasomee barua hii watoto wa shemeji, wote wakiwa wamekaa, na asiruke mstari. Sikuombi msamaha, maana huna namna ya kuukataa. Lala, mama. Huko uliko, kama kaka yako yupo karibu, msogelee.

Kaka yako aliikuta kamba mpya Jumamosi asubuhi, akashika kisu aikate. Nilimwambia akiikata, kiwanda kinafungwa, na mimi nafukuzwa kazi, na dada yake anakula nini. Akakirudisha kisu. Aliyeinunua ile kamba sokoni, akaipima kwa shibiri zake, akaitundika langoni Ijumaa wakati shemeji yuko msikitini, ni mimi.

Mumeo,
Baba Rehema