Kiti cha Baba na Nyusi ya Bwana Harusi

Jumapili, 2 Juni

Mjukuu wangu kanipa daftari. Anasema nikariri humo maneno yangu ya filamu, maana kichwa changu siku hizi kinavuja. Haya. Maneno nimeyaandika mbele, kurasa nne. Nyuma naandika mambo yangu. Anayetaka siri za mzee ageuze daftari juu chini — na vijana wa leo hawageuzi kitu kisichowaka taa.

Mambo yenyewe ni haya. Mjukuu, ambaye sasa sote tunamwita Bosi, anamaliza chuo cha filamu. Mtihani wake wa mwisho ni filamu ya kuchekesha. Ndugu wawili, wazee, vinyozi, hawapatani. Wanazozana, wanazozana, mwisho mmoja anamnyoa mwenziwe, wanacheka, basi. Nikamuuliza, haya umeyatoa wapi, mama? Akanitazama. Halafu akautazama ubao.

Ubao! Duka letu ni chumba kimoja, kimegawanywa na ubao katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Huku niko mimi. Nimebandika: KINYOZI MKUBWA. Kule yuko mdogo wangu, wa baba mmoja mama mmoja. Kabandika: KINYOZI HALISI. Miaka tisa hatujasemezana. Akikohoa namsikia. Nikicheka anaongeza redio. Naongeza yangu. Wateja wetu wananyolewa katikati ya taarifa mbili za habari.

Na amekubali kuigiza! Kwa ajili ya mtoto, kasema. Ila ana sharti: atatamka yaliyoandikwa tu, hata neno moja la ziada hatoi. Nami nikamwambia Bosi sharti langu ni hilohilo. Na nililifikiria kabla yake.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeigiza! Miaka sabini na mbili dunia ilikuwa inanikosa.

Kumbe filamu haipigwi kwa mpangilio. Leo, siku ya kwanza, wamepiga mwisho wa mwisho: sisi wawili mlangoni, tumeshapatana, tunacheka. Nikasema, Bosi, tutapatanaje na bado hatujagombana? Akasema jua la leo zuri, babu, kugombana tutagombana Alhamisi.

Basi tukasimama. Yeye kanipa bega, mimi nimempa kisogo. "Eksheni!" Mimi naangalia viatu. "Chekeni, babu zangu!" Nikatoa meno. Mpiga picha, binti mmoja mkubwa wa umbo, akasema naonekana kama mtu anayeng'olewa jino.

Sasa wana kile kinasa sauti chao — kina manyoya, kiko kwenye mti mrefu, kama paka aliyechomwa mshikaki. Wakakishusha. Kikamgusa mdogo wangu sikioni. Aliruka! Mzee wa miaka sitini na tisa, miguu yote miwili hewani! Nikacheka. Akanisikia, naye akaangua kile kicheko chake cha tangu utotoni, kinachotoka kwa vipande kama birika linalochemka. Miaka tisa sijakisikia hicho kicheko. Tukashikana mikono tusianguke. Halafu tukaona tumeshikana. Tukaachiana upesi kama tumeshika pasi ya moto.

Bosi anarukaruka. "Nimepata! Nimepata!" Mara moja tu, hatukurudia. Wengine wanasomea miaka mitatu.

Kunyoana ndiyo itapigwa ya mwisho, Jumamosi asubuhi, kwa sababu nywele hazirudiwi. Tumezifuga miezi miwili kwa amri ya Bosi. Mimi brashi ya viatu, yeye brashi ya choo. Jumamosi mchana kamera inarudi chuoni, iwe tumemaliza au hatujamaliza.

Jioni nilikuwa nafagia, nikamsikia shemeji upande wa pili. Shemeji mke wa mdogo wangu hana sauti ya siri, akinong'ona mtaa unaitikia. Anamwambia mteja wanafunga mwisho wa mwezi. Macho ya mzee yamechoka. Wanahamia kwa binti yao, safari ya siku mbili.

Nikapunguza redio. Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia.

Jumanne, 4 Juni

Bosi anataka kiti cha baba.

Hapa lazima niandike vizuri. Kiti cha baba ni cha chuma, kinazunguka, kina pa kuegemeza kichwa. Alituachia wote wawili, tukitumie pamoja. Tukapeana zamu, wiki yangu, wiki yake. Mdogo wangu kila asubuhi ya wiki yake hukaa kwanza mwenyewe, anajizungusha mara moja, anasema "Salama." Kama rubani. Ilikuwa inanichekesha na kuniudhi kwa pamoja.

Miaka tisa iliyopita, asubuhi moja ya wiki yake, nikaitoa ile bolti inayoshika kikalio na mguu. Mzaha tu. Akae, aanguke, nicheke, niirudishe. Kazi ya dakika mbili.

Asubuhi hiyo hakukaa. Bwana harusi aliingia mbio, amechelewa. Akatupwa kitini. Povu, wembe, kichwa nyuma — puu! Kiti kikagawanyika. Bwana harusi chini. Nyusi ya kushoto hamna.

Alioa na nyusi moja. Picha zote. Bibi harusi alimchorea ya pili kwa wanja, jasho likaishusha hadi shavuni.

Mtaa mzima ukamwita mdogo wangu Nyusi. Mpaka leo. Wateja nusu wakahama. Wengi walihamia kwangu. Akaniuliza mara moja tu: bolti iko wapi? Nikasema imekatika, chuma kimezeeka. Akasema nionyeshe basi vipande. Nikasema nimevitupa. Akanitazama muda mrefu. Akachukua mguu wa kiti, mimi nikabaki na kikalio. Kesho yake akaleta ubao na misumari.

Kikalio changu kiko juu ya kreti. Mguu wake amewekea beseni. Bolti iko kwenye kopo la vifungo vya marehemu mke wangu. Nzima. Sijamwambia mtu. Hata marehemu alidhani ni ya kitanda.

Leo tumeleta vipande vyetu, kila mtu na chake, kama tunabadilishana mateka. Bosi kavifunga kwa waya. Kinayumba. Ameuliza, bolti yake iko wapi? Mdogo wangu akanigeukia. Hakusema, maana haikuandikwa. Nami nikaangalia dari. Dari yetu ina utando wa buibui mwingi sana.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya ugomvi! Nilikuwa moto. Maneno ya Bosi matamu — kanipa niseme, "Wewe hata kondoo ukimnyoa atakwenda kushtaki!" Mpiga picha alicheka hadi kamera ikatetemeka, tukarudia. Mdogo wangu naye kanijibu, "Wewe mkasi wako ungekuwa mtu, ungekuwa mlevi!" Ameniweza hapo, na alijua. Alilisema na kunitupia taulo usoni, taulo halikuandikwa. Tumerudia mara sita na kila mara linanipiga usoni sawasawa. Macho yamechoka wapi!

Watu wamejaa barabarani kutuangalia. Fundi saa wa ng'ambo alifunga kazi. Wanapiga makofi. Mzee mmoja akauliza kama ni filamu au ni kweli. Shemeji akamjibu: kweli imekwisha muda, hii ndiyo filamu.

Ukaja mstari wake wa mwisho. "Wewe ndiye uliyeniharibia jina." Tu. Baada ya hapo mimi natoka nje kwa hasira. Akausema. Halafu akaongeza, polepole: "Bolti iko wapi?"

Haikuandikwa! Nilisubiri Bosi aseme kata. Hakusema. Kamera inanikodolea. Yeye ananitazama. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikafunga. Nikafungua tena.

"Kata! Babu! Huo uso! Umeutoa wapi huo uso?" Wakanipigia makofi kuliko siku zote. Mpiga picha ananiambia wazee wachache wanaweza kucheza na kimya vile. Nikainama kama mwigizaji mkubwa. Wamenibeba juujuu hadi mlangoni, na mimi nawapungia mkono watu.

Yeye alikuwa anakunja taulo.

Ijumaa, 7 Juni

Leo vipande vidogovidogo. Mikono, mikasi, kiti kinayumba. Bosi anasema filamu ni nzuri kuliko alivyoiota. Anasema kwa ajili yangu. Sikubisha.

Nilipofunga nilisimama mbele ya kioo kujaribu kumwambia. "Mdogo wangu, ile bolti." Inatoka kama mzaha! Kila nikianza, mdomo wangu unacheka wenyewe. Miaka sabini na mbili nimeufundisha kutania, sasa nautaka useme jambo moja la kweli, hautaki. Nilijaribu mara nne. Ya tano nikajichekesha mwenyewe.

Basi midomo haifai. Mikono je?

Jumamosi, 8 Juni

Naandika hapa kibarazani. Umeme umekatika. Ngoja niende kwa mpangilio, sisi siyo filamu.

Nimefika kabla ya watu wote. Spana, kitambaa, mafuta matone mawili. Nikakata waya za Bosi. Bolti ikaingia kama iliondoka jana. Nikaikaza. Nikatikisa kiti kwa nguvu zangu zote: kimya. Nikakaa kwenye benchi nikasoma gazeti la mwezi uliopita, sura ya mtu asiye na habari.

Wakaja. Bosi akasema ubao unaziba kamera, ung'olewe. Fundi saa na mpiga picha wakaung'oa, dakika tano! Miaka tisa, dakika tano. Chumba kikubwa jamani. Nilikuwa nimesahau kwamba dirisha lake linaleta mwanga hadi kwangu.

Mdogo wangu akaingia. Akasimama pale ubao ulipokuwa, akainua mguu mmoja kama anavuka kizingiti. Akakiona kiti. Akakaa. Na mazoea ni mazoea — akajizungusha mara moja.

Kiti kikazunguka bila sauti. Kikarudi, kikasimama palepale, hakikuyumba hata unywele.

Hakusema "Salama." Alipeleka mkono chini ya kikalio, akapapasa. Mkono ukasimama. Kisha akaniangalia kwenye kioo. Nikajifanya natafuta kitana, na kitana nimekishika.

"Eksheni!"

Nikawasha mashine. Lile kovu nyuma ya sikio lake — nilimtia mimi, tulipokuwa wadogo, kwa mkasi wa baba. Mkono wangu ulilizunguka wenyewe bila kuuliza. Nywele zinaanguka. Yule paka wa manyoya yuko juu ya vichwa vyetu na safari hii hakuna aliyemcheka. Shemeji analia mlangoni, kwa sauti, tukadhani ataharibu, Bosi akamwashiria aendelee hivyohivyo. Upande wa kulia nimeumaliza. Safi! Kazi ya mkono mkubwa. Nikahamia kushoto —

Tap. Umeme.

Mashine imekufa mkononi. Kamera ina betri yake, lakini Bosi amekataa mkasi, anasema unyoaji utatofautiana. Tungoje. Nikatoka nje nikaketi na daftari.

Sasa nawaza. Mdogo wangu yuko ndani na nusu kichwa. Kulia kijana, kushoto brashi ya choo. Hawezi kwenda nyumbani. Hawezi kuvuka barabara. Shemeji anamwambia hata binti yao hawezi kumpokea na kichwa cha namna hiyo, atadhani wamekuja wawili. Wiki nzima nimejiuliza mtu kama huyu anazuiwa vipi asiondoke. Kumbe unamnyoa nusu!

Ananiita.

"Kaka!"

Nimegeuza daftari. Nimepitia kurasa zote nne za mbele. Neno hilo halimo. Kwenye filamu ananiita mzee, mwanzo hadi mwisho.

"Kaka we! Si nakuita? Hii bolti ilikuwa wapi?"

Nimesema nakuja. Mdomo haukucheka. Nimesema, "Kwenye kopo la vifungo. Niliitoa mimi." Nimesema kwa sauti, kutoka hapa nje, fundi saa kasikia, mtaa wote umesikia. Imetoka!



Halafu nasikia maji. Nimechungulia. Amesimama, nusu kichwa chake kinang'aa. Taulo begani. Anakoroga povu kwenye kikombe, polepole, kama baba alivyokuwa akikoroga. Wembe uko tayari. Anapigapiga kikalio cha kiti kwa kiganja.

"Njoo ukae wewe kwanza, kaka. Wembe hautaki umeme."

Sijui kama anacheka. Yuko upande ule wa nywele, uso sioni vizuri. Bosi anamnong'oneza mpiga picha: washa, washa! Shemeji ananiuliza napenda ibaki nyusi ya kushoto au ya kulia.

Naenda. Iandikwe hapa kwamba saa nne na dakika kumi asubuhi ninazo zote mbili, na kile kicheko cha birika, kama sikosei, kimeanza kuche—