Gobori la Babu Lisiguswe na Moto

Mdogo wangu Kiroboto,

Salamu nitakupa, lakini kwanza nakusihi: gobori la babu usilipeleke kwa mfua vyuma. Kama umeshalipeleka, kimbia ukamzuie asiwashe moto. Simu yako haiingii tangu jana, ya mama inaita tu bila kupokelewa, ndiyo maana nimemwomba dereva wa lori akukabidhi barua hii mkononi.

Haya, hujambo? Mama hajambo? Magoti yanamwachia alale? Mimi sijambo kidogo. Usinicheke kwa kuchanganya salamu na kelele, akili haijanitulia.

Kazi yangu hapa makumbusho unaijua: kuchunguza magobori ya katikati ya karne ya kumi na tisa, nijue yapi yalifuliwa na wahunzi wa kwetu. Mwezi uliopita nilitumbukiza mdeki, kile chuma cha kushindilia baruti, ndani ya mtutu mmoja. Ukagota shubiri nzima kabla ya mwisho. Niliruka kwa furaha! Nikasema wahunzi wetu waliziba mitutu kwa kizibo kirefu cha chuma, na hakuna msomi aliyewahi kuliona hilo. Ulipopima la babu kwa waya ukaniambia nalo limegota vivyo hivyo, nikakuagiza ulipeleke likapashwe moto, kizibo kifunguke. Ukasema kaka, ya kale yaache yalale. Nikakuita mvivu, mpaka ukakubali.

Juzi tulianza na la huku. Fundi wetu, yule mcheshi anayeniita Profesa Kutu, alilibana mezani na kuanza kulipasha moto kwenye kitako cha mtutu. Mimi nilisimama ubavuni nimeushika mtutu, moyo ukinidunda kama bwana harusi. Hakukuwa na kizibo kirefu, mdogo wangu. Ilikuwa baruti na risasi, zilizoshindiliwa na mtu aliyekufa zamani bila kuzifyatua. Mtutu ukapasuka.

Fundi amefariki. Alikuwa katikati ya utani, hakuumaliza. Mkewe alikuja wodini kunipa pole, akaniuliza mumewe alikosea wapi. Nikamwambia hakukosea, mimi ndiye niliyemwagiza. Akaondoka, na sijapata usingizi tangu hapo.

Mwandiko huu si wangu, ni wa muuguzi. Mkono wangu wa kulia umekatwa chini ya kiwiko. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Gobori liache lilipo, watoe watu ndani, uwaite polisi. Tangu utotoni nimekuzoesha kunitii, na wewe kweli ni mtiifu, ndilo linaloniua. Namwomba Mungu barua hii ikukute umenikaidi.

Mshike mama miguu kwa niaba yangu, na majirani wote wasalimie.

Ni mimi kaka yako. Muuguzi ameniwekea wino, hiyo hapo chini ni alama ya dole gumba langu la kushoto.